Chupa ya Kumi na Mbili

Walisema watakuja watano, wakaja tisa. Mchana wa tarehe ishirini na tatu gari la Afisa lilisimama mbele ya nyumba, na watu wakawa wanashuka tu, hawaishi. Akashuka Afisa mwenyewe, akashuka mkewe, wakashuka watoto wao watatu, kisha wakashuka wanne ambao hakuna aliyewataja kwenye simu: mama yake Afisa, mpwa wake na watoto mapacha wa huyo mpwa. Mama Sabuni alisimama mlangoni na mikono yake ya mafuta, akahesabu vichwa, akahesabu magodoro, akatabasamu. Alitabasamu kwa sababu mumewe alikuwa anamtazama.

Mke wa Afisa alikuwa dada mkubwa wa mume wa Mama Sabuni. Watoto wa nyumba ile walimwita Shangazi, na jina hilo lilimkaa kama koti. Aliingia sebuleni na mkoba wake mkubwa begani, akavuta pumzi puani.

"Wifi! Mbona humu mnanuka kama kwa dobi?"

"Ndiyo harufu ya ada ya shule hiyo, wifi. Karibuni, kaeni."

"Hee! Mdogo wangu, umesikia? Kwa hiyo siku hizi wewe ndiye unayemlisha mke, au sabuni ndiyo inayowalisha wote wawili?"

Wageni wakacheka. Mume, ambaye mtaani alijulikana kama Fundi Friji, naye akacheka. Mwaka mzima watu walikuwa wanaacha kutengeneza mafriji, wanachukua mengine kwa mkopo, na yeye alikuwa anashinda bandani kwake na bisibisi mkononi akingoja mteja. Dada yake hakulijua hilo. Alitupa neno tu, kama mtu anayetupa ganda la ndizi, hakugeuka kuona limeangukia wapi. Kila kilichotokea baada ya hapo kilianzia kwenye kicheko kile.

Nyumba ilikuwa na sebule, vyumba viwili, jiko dogo na stoo nyuma. Stoo ndiyo ilikuwa kiwanda. Mama Sabuni alitengeneza sabuni za miche, na kazi yenyewe huanza na kostiki. Kostiki inakuja kwenye gunia, vipande vyeupe kama chumvi ya mawe, na ukiitia kwenye maji inachemka yenyewe bila moto. Lazima ipoe kutwa kucha kabla ya kuchanganywa na mafuta. Yeye akishaiyeyusha aliigawa kwenye chupa, chupa moja kwa ndoo moja ya mafuta, hakuna kupima tena. Na ikishapoa ni angavu kama maji ya kunywa. Haina rangi wala harufu. Kwa hiyo kila chupa aliifunga kitambaa chekundu shingoni. Binti yake wa miaka mitano, aliyeitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni, alijua kabla hajajua kuhesabu kwamba chekundu hakiguswi. Stoo ilikuwa na kufuli, na kufuli ilikuwa na funguo mbili, wa mke na wa mume.

Zilikuwa chupa za maji, zile zile watu wanazonunua dukani wakaziacha. Hilo lilikuwa kosa, na lilikuwa kosa lake Mama Sabuni. Halitafichwa hapa. Lakini kosa lile lilikuwa limefungiwa mlango miaka minne na halikumgusa mtu.

"Watalala wapi?" mume alimuuliza kwenye korido, kwa sauti ya chini.

"Dada na shemeji wachukue chumba chetu. Bibi na mama wa mapacha wachukue cha watoto. Watoto wote sebuleni na mimi nao. Wewe utajibana popote."

"Na stoo?"

"Stoo haifunguliwi, Baba Kidoti. Nimeyeyusha chupa kumi na mbili, zinapoa. Maduka matatu yananingoja kabla ya mwaka mpya."

"Yaani dada yangu aone watoto wake wanalala chini ya meza, na chumba kizima kimefungwa kufuli kwa ajili ya sabuni?"

"Kimefungwa kwa ajili ya watoto wake."

"Sauti."

"Nimeishusha hii."

"Wewe unapenda nionekane sina amri ndani ya nyumba yangu."

Aliitwa jikoni, Shangazi anataka chai isiyo na majani mengi.

* * *

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne Mama Sabuni alitoka na miche aliyokwisha kuikausha kuipeleka dukani. Alimwaga maelekezo mlangoni kama kawaida yake: wali ulioiva uko kwenye sufuria kubwa, maji yaliyochemshwa yako kwenye ndoo yenye mfuniko. Akamwinamia Kidoti. "Ukitaka maji usijichukulie. Mwombe mtu mzima. Umesikia?" Kidoti akasema amesikia.

Hakuwa amefika hata kona ya pili, Fundi Friji akatoa ufunguo wake mfukoni.

"Dada, njoo uone. Chumba hiki hapa. Tukikisafisha, watoto wanne wanaenea."

Ndani kulikuwa na giza la dirisha dogo. Shangazi alitangulia na ufagio, akasimama ghafla. Ukutani, juu ya magunia, chupa kumi na mbili zilipangwa safu moja, kila moja imefungwa kitambaa chekundu shingoni, zimetulia kama watu wanaongojea kuitwa.

Shangazi hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloudhi. Alikuwa mwanamke wa maombi, mwepesi wa kutoa, aliyewapenda watoto wa ndugu zake kwa mikono miwili. Ila mume wake alikuwa amerukwa cheo mara mbili, na mdogo wake alikuwa anakonda huku mke wa mdogo wake akipeleka sabuni madukani, na kwa muda mrefu moyo wake ulikuwa unatafuta sababu. Sasa sababu ilikuwa mbele yake, imepangwa safu.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, "hii ni nini?"

"Ni vitu vya sabuni."

"Tangu lini sabuni ikafungwa kitambaa chekundu? Kumi na mbili? Gizani? Na kufuli juu?"

"Ni alama tu, dada."

"Alama ya nini?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa neno moja tu: inaunguza. Lakini kulisema kungemlazimu akiri kwamba amefungua, ili watoto walale, chumba ambacho mke wake alimwambia asikifungue, na dada yake angeuliza basi kwa nini umefungua, nani mwenye nyumba hapa. Kwa hiyo Fundi Friji akacheka kidogo, akasema, "Mambo ya wanawake na biashara zao. Mimi hata siyaingilii."

Hivyo ndivyo alivyosema. Baba mzima.

Shangazi alifungua kitambaa kimoja baada ya kingine huku akiomba kwa kunong'ona, akavipeleka jikoni, akavichoma. Alitaka kumwaga na vilivyomo, mume akamzuia, mali ya watu hiyo. Akazibeba mwenyewe, nne nne, akazipanga nyuma ya mlango wa jikoni. Safari ya mwisho alibeba tatu, na hakuhesabu. Ya kumi na mbili ilikuwa tayari ndani ya mkoba wa dada yake, imeviringishwa kitambaa cha kichwa. Kesho ni Krismasi, angekuwa na mchungaji uso kwa uso. Alitaka amwonyeshe kwa macho, asije akasema ni maneno ya wifi na wifi.

* * *

Mama Sabuni aliporudi alikuta magodoro stoo. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwa mumewe, aliyekuwa anamenya viazi kwa bidii ambayo hajawahi kuwa nayo.

"Ziko wapi?"

"Nyuma ya mlango. Zote. Tulia."

Alifungua mlango, akachuchumaa. Akahesabu. Akahesabu tena kwa kuzigusa kila moja kichwani, kama mwalimu anayehesabu watoto mstarini.

"Ziko kumi na moja."

"Labda ulihesabu vibaya juzi."

"Na vitambaa?"

Mume akaendelea kumenya.

"Baba Kidoti, vitambaa viko wapi?"

"Dada alivitoa. Alisema vinatisha."

Mama Sabuni akasimama. Alizibeba zile kumi na moja, akazifungia kwenye sanduku la bati, akaingia sebuleni. Wageni wote walikuwepo isipokuwa Afisa, aliyekwenda kununua soda. Akasimama katikati, mbele ya runinga.

"Samahanini. Kuna chupa moja imepotea. Inaonekana kama maji, si maji. Ni kostiki, inaunguza nyama mpaka mfupa. Aliyeiona aniambie sasa hivi. Aliyeichukua kwa bahati mbaya, sina ugomvi naye."

Bibi, mama yake Afisa, akauliza, "Anasema nini huyu?"

"Anatafuta chupa yake," Shangazi alisema.

"Wifi, wewe ndiye uliyesafisha. Hukuiona?"

Shangazi alimtazama usoni. Mkoba ulikuwa begani kwake wakati ule ule. Alichosikia yeye hakikuwa onyo. Alisikia mtu aliyekamatwa anatafuta kitu chake kabla hakijafika mahali pa kufichuliwa. Akaona na jasho juu ya mdomo wa wifi yake, akalichukua nalo kama ushahidi.

"Sijaona," alisema.

Basi Mama Sabuni akatafuta. Alitafuta chini ya makochi watu wakiwa wamekaa, "inua miguu, bibi, samahani". Alitafuta kwenye ndoo, kwenye makapi, juu ya kabati, ndani ya tangi la choo. Alinusa kila chupa ya maji na kutia kidole, kwa sababu kostiki ukiisugua vidoleni inateleza kama ute. Mapacha wakamfuata nyuma wakicheka na kutia vidole vyao. Alipoanza kufungua mabegi ya wageni, mama wa mapacha akasimama.

"Jamani, sasa tunapekuliwa? Sisi wezi?"

"Hapana, mama, ni usalama wa watoto."

"Usalama gani? Nguo zangu za ndani zina usalama gani?"

"Mama Kidoti!" mume alimshika mkono mbele ya watu wote, akaubana. "Inatosha. Umeniaibisha vya kutosha. Chupa moja ya sabuni! Utatengeneza nyingine!"

Mkoba wa Shangazi haukufunguliwa. Ulikuwa begani mwa mtu mkubwa, na mtu mkubwa hapekuliwi. Mama unayesoma hapa, kama kuna mstari mmoja wa kushika, shika huu: pekua. Wakununie mwaka mzima, lakini pekua.

* * *

Siku ya Krismasi yeye hakwenda kanisani. Mtu lazima apike kwa ajili ya watu kumi na watatu, na mtu huyo anajulikana kabla hajatajwa. Aliwavalisha wanawe wawili, kaka mtu shati jeupe, Kidoti gauni la njano alilolishona mwenyewe, akawapandisha kwenye gari la Afisa. Akarudi ndani kutafuta tena huku sufuria zikichemka.

Ibada iliisha saa sita juani. Fundi Friji alitangulia kurudi kwa miguu pamoja na bibi na wengine. Afisa akaingia garini na watoto wadogo, akawasha redio, akamngoja mkewe, ambaye alikuwa amesimama mlango wa ofisi kwenye foleni ya kumwona mchungaji. Mkoba alikuwa ameuacha kiti cha mbele. Alitaka kwanza kueleza, kisha aje auchukue.

Gari liliiva kama tanuri. Watoto wakaanza kulia kiu. Kidoti alikumbuka alivyofundishwa. Hakujichukulia. Aliomba kwa mtu mzima.

"Anko, naomba maji."

"Subirini, mama anakuja." Kisha Afisa akaugusa mkoba, akahisi chupa. "Aa, kumbe yapo. Nani mdogo kuliko wote? Kidoti, anza wewe. Piga funda kubwa, kisha wape wenzako."

Akamfungulia na kizibo.

* * *

Mama Sabuni alisikia honi kabla hajasikia sauti ya mtoto. Alipotoka uani, gari lilikuwa limeegeshwa upande, milango yote wazi. Kidoti alikuwa mikononi mwa Afisa, mdomo umevimba, mate yanachuruzika kwenye gauni la njano, analia sauti isiyo na maneno. Shangazi alikuwa anakimbia kutoka jikoni na chupa ya mafuta ya kula.

"Amekunywa kitu! Mtapishe! Mtapishe haraka!"

"Mshike kichwa," Afisa alisema, "nitie kidole. Sumu lazima itoke."

"Msimtapishe!"

Hakuna aliyemwangalia. Afisa alikuwa ameshakaa kwenye ngazi, amemlaza mtoto juu ya goti kifudifudi.

"Shemeji, msimtapishe! Iliyochoma ikishuka itachoma tena ikipanda! Nipe mwanangu!"

"Shemeji, tulia. Mimi nimefanya kozi ya huduma ya kwanza kazini, nina cheti. Sumu ni kutapisha."

"Si sumu ya panya hiyo! Ni kostiki!"

"Sasa wewe uliyeishia darasa la saba ndiye utakayenifundisha mimi? Fundi, mtoe mkeo hapa, amechanganyikiwa."

Na Fundi Friji, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono kumshika mkewe. Mama Sabuni aliutazama mkono huo mpaka ukarudi wenyewe. Kisha akapiga hatua mbili, akamzaba Afisa kofi la shavu ambalo jirani wa nyumba ya tatu alilisikia. Miwani ikaruka. Bibi akapiga yowe, "Amempiga mwanangu! Sikukuu yote hii amempiga mwanangu!" Kidole kilikuwa bado hakijaingia mdomoni. Mama akamnyakua mtoto, akamkimbiza bombani, akamsukutua mdomo, akamwosha uso na kifua, akamvua gauni pale pale mbele ya watu.

"Washa gari," alimwambia Afisa.

"Umenipiga..."

"Utanipiga baadaye. Washa gari!"

Kwenye sakafu ya gari, kati ya viti, kulikuwa na chupa imelala, robo yake imemwagika kwenye zulia. Mama Sabuni aliigusa kwa kidole, akasugua. Ikateleza. Hakumuuliza mtu kitu. Aliiziba, akaishika mkono mmoja, mtoto mkono mwingine, mpaka hospitali.

* * *

"Kostiki kwenye chupa ya maji ya kunywa?" Daktari alikuwa msichana mwenye macho ya mtu ambaye hajalala siku mbili. "Mama, kweli?"

"Kosa langu, daktari. Andika jina langu. Lakini usimtapishe."

"Hatumtapishi. Mmeshamtapisha nyinyi?"

"Hapana."

"Nani alikwambia asitapishwe?"

"Gunia."

"Gunia?"

"Imeandikwa kwenye gunia la kostiki. Kwa maandishi madogo. Nililisoma lote kabla ya kuanza kazi."

"Basi umesoma vizuri," daktari alisema, akamsukuma mtoto ndani, mlango ukajifunga.

Korido ilikuwa na benchi moja. Afisa alikaa mwisho akiwa na miwani yenye kioo kimoja. Alikuwa amesikia kila neno, lakini kinywa chake kilishazoea njia moja. "Lazima tuseme ukweli," alisema hewani, "huu ni uzembe wa mama. Vitu vya hatari, nyumba ya watoto." Fundi Friji alitazama viatu vyake. Shangazi alikuwa kwenye simu, anamwambia mtu wa tatu sasa: "Ndiyo, amekunywa dawa ya mama yake. Sijui ni dawa gani. Ndiyo hivyo."

"Wifi," Mama Sabuni alisema. "Kata simu."

Shangazi akakata.

"Ilifikaje kwenye gari?"

"Mimi nitajuaje..."

"Shemeji, chupa uliitoa wapi?"

Afisa akajibu kabla hajafikiri. "Kwenye mkoba wake."

Benchi lote likamgeukia mkewe. Kisha Shangazi akalipuka, kama watu wanavyolipuka wanapokosa njia ya kurudi. "Ningejuaje? Wewe ungekuwa mimi ungejuaje? Chupa kumi na mbili gizani, zimefungwa vitambaa vyekundu kama kwa mganga! Nilimuuliza mdogo wangu alama ya nini, akacheka tu! Naye amekauka kama kuni! Nilikuwa nampelekea mchungaji, basi! Nilikuwa nawaombea!"

"Nilikuuliza juzi... hapana, ilikuwa jana. Naona kama mwaka. Nilikuuliza jana, mbele ya watu wote. Nikakwambia inaunguza nyama mpaka mfupa. Ulikuwa na mkoba begani."

"Nilidhani unatafuta..."

"Ulidhani. Ungeweza kuuliza, wifi. Ungeniita pembeni ukaniuliza, mchawi wewe, hii ni nini? Nisingekasirika. Ningekuonyesha. Ningekutilia tone moja kwenye kipande cha nyama ukaona kinavyooza. Lakini kuniuliza mimi ni kujishusha, sivyo? Mimi nanuka dobi." Akamgeukia mumewe, na hapo sauti yake ikashuka, ikawa mbaya zaidi. "Huyu hakujua. Wewe ulijua. Uliulizwa alama ya nini, na neno ulikuwa nalo mdomoni. Ulilimeza wewe, akaja kulimeza mwanao."

Fundi Friji akatelemka kwenye benchi mpaka sakafuni, akakaa pale katikati ya miguu ya wagonjwa, na hakuna aliyemwinua.

* * *

Wageni walikaa mpaka chakula cha Krismasi kilipoisha, kwa sababu kilikuwa kimeshapikwa. Bibi alisisitiza aombwe radhi kwa lile kofi. Kikao cha familia kikafanywa sebuleni, mama wa mtoto akiwa hayupo, kikaamua kwamba yote yalikuwa bahati mbaya, kila mtu ana sehemu yake, na yaishe kifamilia. Fundi Friji alipelekewa uamuzi huo wodini aufikishe. Alifika, akamwona mtoto na mpira uliopitishwa puani, uji mwepesi ukimiminwa kwenye mpira kwa bomba la sindano, akashindwa kuusema. Alirudi nyumbani, akasimama mbele ya dada yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamwambia: "Nilijua zinaunguza. Nilikuona unachoma vitambaa nikanyamaza ili usinicheke." Shangazi alilia. Kilikuwa kilio cha kweli. Hakikuzibua koo la mtu.

Mtaani habari ilishafika kivyake: Mama Sabuni amemnywesha mwanawe sumu. Duka moja lilirudisha miche yake, eti wateja wanaogopa. Wanawake wa vitanda vya jirani walinyamaza alipoingia na wakaanza upya alipotoka. Aliosha vyombo vyake vya wodi peke yake.

Daktari alieleza kwa mkono, akikunja kidole gumba na cha shahada kuwa tundu. Njia ya chakula imeungua. Ikipona itajikaza, itakuwa nyembamba hivi. Itabidi aletwe, alazwe, ipanuliwe, na tena baada ya wiki kadhaa, na tena. Mwaka, miaka miwili, hawezi kuahidi. "Angetapishwa," alisema, "tusingekuwa tunazungumza habari ya kupanua." Afisa, aliyekuja siku hiyo kuleta matunda ambayo mtoto hawezi kula, alikuwa amesimama nyuma. Alitoka bila kuaga, na matunda akayasahau dirishani.

Siku ya kumi na moja walimtoa mpira. Sasa ilitakiwa ajaribu kumeza mwenyewe, na cha kujaribia kilikuwa maji. Yakipita, kuna pa kuanzia. Yakirudi, atatobolewa tumbo alishwe kwa huko. Nesi alieleza hivyo wazi, hakupamba. Shangazi alikuwa amekuja pamoja na mume, amesimama miguuni mwa kitanda bila mkoba, mikono hajui aiweke wapi.

Nesi akamimina maji kidogo kwenye kikombe cha plastiki, yapata vijiko vitatu. Kidoti aliyatazama. Akafunga mdomo mpaka midomo ikawa myeupe.

"Ni maji, mwanangu," mama alisema. "Nesi ameyaleta."

Mtoto akatikisa kichwa. Alikuwa hajasema neno tangu Krismasi. Alipolisema, lilitoka kama mchanga unaoburutwa sakafuni.

"Onja."

Mama akaonja. Akafungua mdomo, akamwonyesha ulimi. Kidoti aliungoja huo ulimi, auone utafanya nini. Kisha akamnyooshea kidole baba yake. Fundi Friji alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa, meno yakigonga plastiki. Kidole kikahama tena, kikasimama kwa Shangazi.

Shangazi alikichukua kikombe. Kilichobaki kilikuwa funda moja. Aliyatazama yale maji, angavu, yasiyo na rangi wala harufu, na kwa kitambo kidogo hakuweza kuyapeleka mdomoni. Wodi nzima ilimwona. Kisha akanywa.

Nesi akamimina mengine. Safari hii Kidoti alipokea. Alitia kidogo, akayaweka shavuni, akakaa nayo. Mama hakumhimiza. Kisha koo dogo likapanda, likashuka, uso wote ukajikunja kwa maumivu, machozi yakatoka, mkono ukakamata nguo ya mama na kuivuta. Wakangoja. Maji hayakurudi.

Shangazi akainua mikono juu, uso umelowa. "Asante, Bwana! Tumshukuru..."

"Nyamaza, wifi," mama alisema, bila kugeuka. "Bado anakunywa."